Kabla Hujaifungua Piano ya Zamani: Nini Ubadilishe, Nini Uache

Piano ya miaka mia ikiingia karakana, mwenyewe huja na maombi matatu kwa mkupuo mmoja: ing'ae, ilie kama mpya, na ibaki orijino. Matatu hayo hayapatani. Kuing'arisha ni kukwangua polishi aliyoipaka fundi wa kwanza. Kuifanya ilie kama mpya ni kuondoa nyuzi na nyundo, pengine hata ubao wa sauti, ule mpana unaokuza mlio wa nyuzi. Na kila kinachoondoka kinapunguza lile ombi la tatu.

Mwongozo huu ni wa mwenye piano na wa fundi wake, wausome pamoja kabla bisibisi haijatoka mfukoni. Haufundishi kutyuni. Unahusu maamuzi: kipi kibadilishwe, kipi kiachwe, nani aambiwe nini. Msimamo wangu niuseme mapema. Sioni dhambi kubadilisha piano ya zamani. Kinachonikera ni mabadiliko yasiyorudishika yaliyofanywa bila sababu ya kutosha, na yanayonikera zaidi ni yale yaliyofichwa.

Hatua ya 1: Jua ni piano ya aina gani

Tafuta namba ya kiwandani. Kwenye piano ya kulala, ile kubwa yenye kifuniko kinachoinuliwa na kuegemezwa kwa gongo, namba mara nyingi iko juu ya fremu ya chuma karibu na vigingi vya nyuzi. Kwenye piano ya kusimama, inua kifuniko cha juu uchungulie ndani. Steinway ya New York, Bechstein ya Berlin na Blüthner ya Leipzig zote zilianza mwaka mmoja, 1853, na orodha za namba zao kwa miaka zinapatikana bila shida, kwa hiyo umri si jambo la kubahatisha.

Ukishaujua umri, jiulize: hii ikitoweka kesho, dunia inapoteza nini?

Kwa piano nyingi za kusimama zilizotoka viwanda vya Uingereza na Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, jibu ni kwamba haipotezi kitu isipokuwa hiyo piano. Zilitengenezwa kwa maelfu, nyingine zikaishia kwenye makanisa na shule zetu. Hizi zifanyie chochote kitakachozifanya zilie. Vigingi havishiki tena na sauti inashuka wiki hiyo hiyo uliyotyuni? Kudondoshea gundi nyepesi ya supa kuzunguka kila kigingi ni kazi isiyorudishika, na fundi wa makumbusho atakunja uso. Lakini kama ni piano ya kwaya na mbadala wake ni kuni, idondoshee. Jambo moja tu la kuangalia: baadhi ya piano zilizotengenezwa kuletwa nchi za joto zilifungwa kwa skrubu na vipande vya shaba nyeupe au nyekundu mahali ambapo kwingine gundi ingetosha, kwa sababu gundi ya zamani haivumilii unyevu wa Mombasa wala wa Unguja. Fundi asiyejua huziona zile skrubu akadhani ni viraka vya mtu wa mtaani, akaziondoa ili uso wa mbao upendeze. Ziache. Zilitoka nazo kiwandani.

Upande wa pili kabisa ziko piano ambazo ni ushahidi. Bartolomeo Cristofori wa Florence alibuni piano karibu na mwaka 1700, na zimebaki tatu tu za mkono wake: ya 1720 iko Metropolitan Museum, New York, ya 1722 iko Rome, ya 1726 iko Leipzig. Ile ya 1720 ndiyo piano kongwe kuliko zote zilizopo duniani. Ubao wake wa sauti ulibadilishwa mwaka 1938, na kabla ya hapo mafundi walikwisha kuusogeza hata mpangilio wa sauti zake, kutoka chini hadi juu. Inapigika, ndiyo. Lakini anayeisikiliza anasikia ubao wa karne ya 20 ndani ya kasha la karne ya 18, na mlio wa ule ubao wa kwanza hakuna atakayeujua tena. Kwa chombo cha cheo hicho sina ushauri mwingine: kisafishe, kipime, kisha tengeneza nakala yake. Nakala ndiyo ipigwe na kufanyiwa majaribio.

Katika kundi hilo la ushahidi ingiza na piano zenye fremu ya mbao, hata kama mtengenezaji wake hajulikani sana. Fremu nzima ya chuma cha kusubu ilipewa hataza na Alpheus Babcock wa Boston mwaka 1825, lakini Ulaya ilichukua miongo kuikubali. Piano za kabla ya hapo zilifungwa nyuzi laini za chuma kwa mvutano mdogo. Ukizitia waya wa kisasa na kuzipandisha hadi hezi 440 kwa noti ya A, kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1939, kasha linapinda taratibu, na siku moja linaachia kwenye kona. Ziache zilie chini, kama zilivyozaliwa.

Na zile piano za kujipiga, ambazo watu huzidharau. Mapema karne ya 20 kampuni ya Aeolian iliuza mtambo wake wa Duo-Art ukiwa umefungwa ndani ya piano za Steinway, na kasha likarefushwa ili mtambo upate nafasi. Wapiga piano maarufu Paderewski na Gershwin walirekodi kwa ajili yake karatasi za matundu, zile zinazouongoza mtambo. Baadaye mipira ya hewa ikakauka, mafundi wakaona kero, wakang'oa kila kitu na kutupa. Leo utakutana na kasha refu lenye pengo tumboni. Mtambo wa Duo-Art uliokufa ukiukuta bado uko ndani, hata kama hakuna wa kuufufua kwa sasa, usiutoe. Haudai chakula.

Katikati kuna kundi lenye ubishi wote: piano nzuri za kulala zenye majina, za kati ya 1880 na 1930 hivi, zilizochoka lakini zenye fremu na kasha zima. Hatua zinazofuata zinazihusu hizo zaidi.

Hatua ya 2: Uliza itafanya kazi gani

Ya ukumbini ambako mpigaji anataka nguvu ya kushindana na okestra? Ya sebuleni? Ya kurekodi muziki wa enzi yake? Mteja akishindwa kujibu, kazi isianze. Msidhani kwamba sauti ya zamani haina wasikilizaji: tangu 2018 Warsaw inaandaa shindano la muziki wa mtunzi Chopin kwa piano za enzi zake, ambako washiriki hupiga Erard, Pleyel na Broadwood halisi pamoja na nakala mpya. Vijana wanakwenda huko kutafuta kile ambacho karakana nyingi zingekifuta kwa jina la "kuboresha".

Hatua ya 3: Pima kabla ya kugusa

Chukua uzi mwembamba. Lala chini ya piano, uuvute uzi ukiambaa na ubavu mrefu kuliko zote zilizogundishwa chini ya ubao wa sauti, ncha zote mbili ziguse ubao. Ubao wenye afya umebinuka kidogo kwenda juu, kwa hiyo katikati utaona mwanga kati ya uzi na mbao, milimita chache tu. Andika ni ngapi. Usipoona mwanga wowote, bado usikate shauri. Kuna piano zenye ubao uliolala ambazo zinaimba vizuri. Piga noti za juu, oktava ya tano na ya sita, usikilize sauti inakaa kwa muda gani kabla ya kufa. Sikio ndilo litoe hukumu, uzi ni shahidi tu.

Nyufa huwatisha sana wanunuzi. Ufa peke yake hauui sauti. Kinacholeta mkwaruzo ni ubavu ulioachia gundi, na ubavu unaweza kugundishwa tena bila kung'oa ubao.

Kisha pima unene wa nyuzi kwa maikromita kila unapobadilika. Pima uzito wa kubonyeza: kanyaga pedali ya kulia ili vizima sauti vinyanyuke, weka vijiwe vya gramu kwenye ncha ya kibonye, ongeza hadi kizame polepole. Kwenye piano iliyopangwa vizuri utakuta karibu gramu 50 katikati. Fanya hivyo kwa vibonye vyote, 88 au 85 ikiwa ni ya zamani zaidi. Piga picha ukiwa umeweka rula kwenye kila picha.

Na kila kinachotolewa kinaingia kwenye mfuko wenye lebo. Ni mali ya mwenye piano, si taka za karakana. Vichwa 88 vya nyundo hukaa kwenye boksi la viatu. Hakuna atakayesema amekosa nafasi.

Hatua ya 4: Tenga yanayorudishika na yasiyorudishika

Andikeni orodha mbili. Nyuzi, felti, vichwa vya nyundo na ngozi ndogo ndogo za mtambo (hapa ni ule unaopeleka mguso wa kidole kutoka kibonye hadi nyundo) viliumbwa vichakae. Kuvibadilisha ni matunzo ya kawaida mradi vya zamani vimehifadhiwa. Kutoboa vibonye, kuchonga ukingo wa kasha, kusogeza daraja la nyuzi (mbao inayopeleka mtetemo wa nyuzi kwenye ubao wa sauti), kukata fremu ya chuma: hayo hayana kurudi nyuma. Chagua gundi kwa mizani hiyo hiyo. Gundi ya ngozi waliyoitumia mafundi wa zamani huachia kwa joto na unyevu, kwa hiyo fundi wa mwaka 2080 ataweza kuifungua kazi yako. Gundi ya epoksi haimwachii nafasi hiyo.

Hapa nawapinga wenzangu wanaoabudu kila kilichotoka kiwandani. Kati ya 1962 na 1982 Steinway ya New York iliweka vipande vya plastiki ya Teflon kwenye maungio ya mtambo badala ya kitambaa. Mbao huvimba na kusinyaa kwa unyevu, Teflon haifuati, na maungio yakaanza kugonga au kukaza kila msimu ukibadilika. Kiwanda chenyewe kiliachana nayo. Mtu akikuletea piano ya miaka hiyo na kudai Teflon ibaki kwa sababu ni orijino, mwekee seti moja kwenye bahasha kama kumbukumbu, kisha mfungie kitambaa.

Hatua ya 5: Ubao wa sauti na usanifu mpya

Hapa ndipo neno "kuboresha" linapochuma pesa nyingi. Kuna karakana, hasa Marekani, ambazo haziishii kuweka ubao mpya wa sprusi kama ule wa zamani. Wanabadilisha idadi na umbo la mbavu, wanafunga boriti kwenye kona ili kupunguza eneo linalotetema, wanasogeza daraja la besi, wanakokotoa upya unene wa kila uzi. Wengine hufunga mtambo wa nyundo wa kaboni.

Hoja yao si ya kipuuzi. Piano ndogo za kulala zilikuwa na maelewano mabaya pale nyuzi zilizoviringishiwa shaba zinapoishia na nyuzi za chuma tupu kuanza. Unapanda noti moja tu na sauti inageuka kama ya chombo kingine. Wasanifu wa zamani walikokotoa kwa mkono na walikuwa na haraka ya soko. Na wao wenyewe hawakuacha kubadilisha: Steinway ya 1860 na ya 1900 ni vyombo tofauti. Kwa nini fundi wa leo afungwe mikono?

Jibu langu ni la mpangilio, si la kukataa. Anza na waya. Kubadilisha unene wa nyuzi, au kuweka nyuzi za kuviringishwa kwenye noti chache za mwanzo za chuma tupu, huponya sehemu kubwa ya tatizo na kunarudishika siku yoyote. Kama haikutosha, fikiria kofia ya daraja, yaani kile kipande cha juu kinachobeba pini. Ubao mzima uje baada ya hapo, ukiwa umethibitika kufa, na wa kwanza ufuatwe kwa vipimo vya Hatua ya 3. Usanifu mpya kabisa naukubali kwenye piano ambayo ubao wake ulishabadilishwa na mtu mwingine, kwa sababu hapo hakuna cha kwanza kilichobaki cha kulinda. Ukingo wa kasha na fremu ya chuma usiviguse. Fremu ya piano ya ukumbini inabeba mvutano wa karibu tani 20. Aliyeikata kwa ajili ya wazo zuri alikuwa anacheza kamari na vidole vya mpigaji.

Jambo dogo lenye kuudhi: Blüthner walipata hataza mwaka 1873 ya uzi wa nne kwenye noti za juu, uzi usiogongwa na nyundo, unaotetema kwa kuitikia wenzake. Watyuni wavivu huutoa. Ukiukuta umetolewa, urudishe.

Hatua ya 6: Nyundo na uzito wa vidole

Kosa la kawaida kuliko yote ni hili, na hufanywa na watu wenye nia njema. Nyundo za piano nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa nyepesi. Fundi ananunua seti ya kisasa, nzito na ngumu, kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Gramu moja inayoongezeka kwenye kichwa cha nyundo inarudi kwenye kidole ikiwa kama gramu 5, kutokana na wenzo wa mtambo. Piano inakuwa nzito. Ili kuiponya, anatoboa vibonye na kushindilia mbele vipande vya risasi, yale madini mazito. Mizani sasa inasoma gramu 50 na kila mtu anafurahi, isipokuwa mpigaji, ambaye akipiga haraka anahisi anasukuma mzigo: uzito wa kutulia umesawazishwa, lakini wa kuanza kwenda umeongezeka. Na vibonye vya 1910 vina matundu mapya milele.

Agiza nyundo nyepesi. Zipo. Kama hazipatikani kwa uzito unaotaka, punguza mbao za vichwa kabla ya kugundisha, pima kila kimoja kwa gramu na sehemu zake, uache vibonye kama vilivyo.

Hatua ya 7: Pembe

Kwetu sisi hili halipiti kimyakimya. Karne ya 19, Unguja ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilivuka bahari hadi miji miwili midogo ya Connecticut, Deep River na Ivoryton, ambako viwanda vya Pratt, Read na Comstock, Cheney vilizipasua kuwa vipande vyembamba na kuzianika juani ndani ya vibanda vya vioo ziwe nyeupe. Pembe zilitoka bara kwa mabega ya wapagazi kupitia Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, biashara iliyofungamana na ile ya watumwa. Ukigusa kibonye cha piano ya Marekani ya 1890, kuna uwezekano mkubwa kidole chako kiko juu ya safari hiyo.

Kwanza hakikisha ni pembe kweli. Inamisha kichwa hadi mwanga wa dirisha uteleze juu ya kibonye. Pembe imeunganishwa kwa vipande viwili, cha mbele kipana na cha nyuma chembamba, na mstari wa muungano ni mwembamba kama unywele, pale vibonye vyeusi vinapoanzia. Utaona pia mishipa hafifu ya mawimbi, tofauti kwa kila kibonye. Plastiki ni kipande kimoja, au mistari yake imenyooka na kufanana mno. Usijaribu kwa sindano ya moto kama wengine wanavyoshauri: vibonye vingi vya zamani ni seluloidi, na seluloidi inawaka.

Pembe nzima isibanduliwe. Umanjano wake si ugonjwa. Pembe hugeuka njano gizani, na kuacha kifuniko wazi kwenye mwanga wa kawaida husaidia. Kibonye kimoja kikibanduka au kumeguka, tafuta kipande cha pembe kutoka piano iliyokufa, si pembe mpya kwa njia yoyote. Wapo wanaosema heshima kwa tembo ni kuibandua yote na kuweka plastiki. Nawaelewa, ila sioni tembo anayefaidika, na naona ushahidi unaotupwa kwenye pipa.

Sheria nayo ina neno. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulifunga biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika kwa uamuzi wa 1989. Uingereza, chini ya sheria ya 2018 iliyoanza kutumika Juni 2022, ala ya muziki ya kabla ya 1975 yenye pembe chini ya asilimia 20 inaweza kuuzwa, lakini lazima kwanza isajiliwe. Marekani ilikaza masharti yake mwaka 2016. Kwa hiyo piano ikitakiwa kuvuka mpaka, uliza mamlaka ya wanyamapori ya nchi inakotoka na ya inakokwenda kabla ya kulipia meli. Ukiwa Kenya anza na KWS. Tanzania, Idara ya Wanyamapori. Kagua na vinia ya kasha, yaani ule mbao mwembamba uliobandikwa juu yake: mti wa Brazili unaoitwa Dalbergia nigra, uliopendwa sana karne ya 19, nao umefungiwa na CITES tangu 1992.

Hatua ya 8: Uso wa nje

Polishi ya shelaki iliyochakaa inaweza kufufuliwa kwa shelaki. Kuikwangua na kupuliza poliesta nyeusi inayong'aa kama gari jipya ni uamuzi wa mteja, mwambie tu kwamba vinia ya zamani ni nyembamba na msasa wa pili huenda ukaitoboa.

Hatua ya 9: Jina na karatasi

Karne ya 17 na 18 vinanda vya harpsichord (ambavyo nyuzi zake hudonolewa, hazigongwi) vya familia ya Ruckers wa Antwerp vilithaminiwa sana hivi kwamba karakana za Paris, zikiwemo za Blanchet na Taskin, zilivipasua na kuvipanua viwe na noti zaidi. Kazi nzuri, na vingi vinapendwa hadi leo vikiwa vimebadilishwa. Ila kwa kuwa jina lilikuwa linauza, wengine walitengeneza vinanda vipya wakavipachika jina la Ruckers. Ubora wa mikono ya mafundi wa Paris haukuwa na shaka. Ulaghai ulikuwa kwenye lile jina.

Fanya hivi basi. Ubao mpya wa sauti usibandikwe nembo ya kiwanda ambacho hakikuutengeneza, hata mteja akilipia. Namba ya kiwandani isisuguliwe. Kwenye ubavu wa kibonye cha kwanza cha kushoto, pale watyuni walipozoea kuacha majina yao, andika kwa penseli mwaka, karakana na kazi kuu. Ndani ya kasha bandika bahasha yenye vipimo vyako vya mwanzo.

Na tangazo la kuuza lisiseme tu "Steinway ya 1912, imekarabatiwa". Liseme hivi: kasha, fremu na vibonye ni vya 1912, ubao wa sauti, nyuzi na nyundo ni vya karakana fulani, mwaka fulani, usanifu wa mbavu umebadilishwa, sehemu za zamani zinakwenda pamoja na piano. Mnunuzi akikataa kulibeba boksi la nyundo, aandike kwa mkono wake kwamba amelikataa, ulihifadhi wewe likiwa na namba ya piano juu ya kifuniko.